Mlango Unaojifunga

Mke wa Mpaka Rangi ndiye aliyeleta lile tofali. Aliliokota nyuma ya majengo, mahali mafundi walipoacha mabaki yao, akalipangusa vumbi kwa pindo la gauni na kulitega kwenye kizingiti cha mlango namba saba ili mlango usijifunge. Milango ya majengo yale mapya ilikuwa na springi kwa juu na kitasa cha kujifunga. Ukiiachia tu inarudi yenyewe, na bila ufunguo huingii hata kama sahani yako ya chakula imebaki mezani. Kwa watu waliotoka kwenye nyumba za uani, ambako mlango kufungwa mchana maana yake wenyewe wamesafiri au wamemnunia mtu, mlango wa namna hii ulikuwa kama mtu anayekupa mgongo ukimwamkia.

Mpaka Rangi mwenyewe hakulipenda tofali. Yeye majengo aliyapenda. Alikuwa mmoja wa vibarua waliozipaka kuta zake, na siku familia yake ilipohamishiwa humo alipanda ngazi kifua mbele kama bwana harusi. Choo ndani, sinki ndani, ukuta mnyoofu usiobanduka ukiuegemea. Mtu aliyezoea kuoga kwa zamu nyuma ya mabati, akipewa bafu lenye vigae humwambii kitu. Alitaka kuishi kistaarabu, na ustaarabu aliouona yeye haukuwa na tofali mlangoni.

Siku moja yuko kazini, juu ya jukwaa, simu yake ikalia. Kundi la wakazi. Mtu alikuwa amepiga picha korido: tofali, ndoo, ndala za mkewe zimepinduka, na chini yake ameandika, “Uani umetuhamia ghorofani.” Wakazi wengine walikuwa wameweka vichwa vya kucheka, vingi, vimepangana kama shanga. Mwisho kabisa Meneja wa majengo naye alikuwa ametia neno: mkazi wa namba saba aondoe uchafu, korido si mali ya mtu, na wageni waliotoa fedha za mradi wanakuja karibuni.

Kibarua mwenzake alichungulia ile simu akacheka. “Namba saba si ndiyo kwako, fundi?”

“Si kwangu,” Mpaka Rangi akajibu, akachovya brashi.

Alijisikia vibaya kwa jibu lile, lakini hasira hakumpelekea aliyepiga picha wala Meneja. Aliipeleka nyumbani, maana huko ndiko hasira ya mnyonge hupata pa kukaa.

“Hilo tofali litoke,” alimwambia mkewe kabla hata ya kuvua viatu.

“Lina kosa gani?”

“Tunachekwa, Mama Chiriku. Jengo zima linatucheka.”

“Kuchekwa hakujamuua mtu,” mkewe alisema. “Mimi niko kazini, wewe uko kazini. Mtoto akianguka na mlango umefungwa, nani atamsikia? Kuta zenyewe nene hivi.”

Mtoto wenyewe alikuwa hapo mezani anakata kitambaa, anajifanya hasikii. Alikuwa na miaka kumi na sita, na jina la Chiriku alilipata kwa mdomo wake, kwa sababu tangu aanze kusema hakuwahi kumaliza. Alikuwa na kifafa. Alimeza vidonge vyake kila siku bila kukumbushwa, na bado, hasa siku alizochoka, alikuwa anakatika katikati ya neno na kwenda chini.

Kule uani jambo hili halikuwa siri wala mkasa. Chiriku alipoanguka, Mama Cherehani wa mlango wa pili aliacha nguo ya mteja kwenye sindano na kwenda kumlaza ubavu, mate yasimsonge. Aliyekuwa karibu na jiko alisogeza jiko. Wanaume walikuwa wanageuka wakatazama ukutani mpaka gauni lake limenyooshwa na amefunikwa, ili akiamka asione haya. Hakuna aliyemtia kijiko mdomoni, hakuna aliyekimbia. Walifundishwa kidogo na muuguzi wa kliniki, mengine wakajifunza kwa kukosea, miaka nenda miaka rudi, hadi ikawa kama kuanua nguo mvua ikinyesha.

Halafu wakahamishwa, na nyumba zikagawanywa kwa kura. Mama Cherehani akaangukia jengo la nne, ghorofa ya juu kabisa. Mpaka Rangi jengo la kwanza. Wengine huku na huko kama pumba zilizopeperushwa. Watu walipolalamika, Meneja aliwaeleza mkutanoni kwamba wataalamu wameamua kuwachanganya wakazi makusudi, ili mazoea mabaya ya zamani yafe. Mazoea mabaya! Kumgeuza mtoto wa mwenzio asife, hayo ndiyo yaliyotakiwa yafe, na watu wazima waliketi wakapiga makofi kwa sababu walikuwa wameahidiwa soda.

“Tutazoea,” Mpaka Rangi alisema. “Kila kitu ni mazoea.”

Akaliinua tofali kwa mikono yake miwili, akashuka nalo, akalitupa kule kule lilikookotwa. Aliporudi, mlango ulikuwa umejifunga na ikabidi agonge. Mkewe alimfungulia.

“Nimenyimwa majirani, nikaokota tofali,” alimwambia. “Sasa na hilo umelitupa.”

*

Ilipofika siku yake ya mapumziko, Mpaka Rangi alibaki nyumbani na binti. Mkewe alikuwa kazini hospitalini, kwenye chumba cha kufulia mashuka. Mabomba ya ghorofani yalikuwa bado makavu, vigae vizuri lakini tone hakuna, na kila tone la maji lilitoka kwenye tangi la chini. Chiriku alibandika sufuria ya maji ya chai. Baba akachukua ndoo akatoka.

Ufunguo ulibaki msumarini, nyuma ya mlango. Kule uani ufunguo ulikaa msumarini mwaka mzima, na mtu aliyezoea hivyo hakumbuki kuubeba anapokwenda kuteka maji. Alikuwa yuko katikati ya ngazi na ndoo imejaa alipokumbuka. Akacheka peke yake. Akafika mlangoni, akagonga.

“Chiriku, nifungulie. Baba yako nimejifungia nje.”

“Tena?” sauti ikajibu kutoka jikoni. “Baba nawe! Umri bado, kusahau umeshaanza. Ngoja nipunguze moto. Mama akisikia, leo hatulali, atasema alikwambia, na kweli alikwambia, mimi nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu ma—”

Likakatika hapo. Kisha kikaanguka kitu kizito, na baada yake sufuria.

Mpaka Rangi aliita mara moja tu. Aliujua ukimya ule. Aliurukia mlango kwa bega, ukamrudisha kama mpira. Akageukia mlango wa mbele yake, mlango wa Bwana Tai, aliyeitwa hivyo na wakazi kwa sababu hata akienda kutupa taka alikuwa amevaa tai. Aligonga kwa mikono yote miwili. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, mnyororo ukiwa umekaza.

“Kuna nini?”

“Mwanangu ameanguka ndani, mlango umejifunga. Njoo tuuvunje, ndugu yangu.”

“Anaumwa nini?”

“Ana kifafa.”

Ule upana wa kiganja ukawa upana wa kidole. “Nina watoto wadogo humu,” Bwana Tai alisema. “Ngoja nikupigie walinzi.” Mlango ukafungwa, kwa upole kabisa, kama unavyofungwa na mtu mwenye adabu.

Na kweli aliwapigia. Mlinzi alikuja, akamkuta mtu anapiga mlango mateke, akamshika kiuno. Mpaka Rangi alimweleza huku analia. Mlinzi alikuwa mtu wa kuajiriwa, mwenye wakubwa, naye akafanya alivyofundishwa, akampigia Meneja. Simu ilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo Mpaka Rangi alisikia kila neno.

“Mwambie asiguse mlango. Ile milango imeagizwa, haipo madukani. Funguo za akiba ziko ofisini kwangu, nipo njiani.”

“Uko njiani wapi, bosi?” mlinzi akauliza.

“Nipo njiani, wewe mwambie asubiri.”

Huko ndani kisigino cha Chiriku kilikuwa kinagonga sakafu, kinagonga, kinagonga. Mpaka Rangi alitazama ukutani. Mtungi mwekundu wa kuzimia moto ulikuwa umetundikwa pale, umeandikwa kwamba atakayeugusa bila sababu ataadhibiwa. Akaunyofoa na msumari wake. Mlinzi, Mungu ampe heri, aligeuka akaangalia dirishani mpaka kitasa kilipoachia.

Alimkuta chini, ubavu wa kushoto, mkono wa kulia umelala kwenye maji yaliyokuwa yanachemka muda si mrefu. Mtu aliyeanguka kwa kifafa hautoi mkono wake kwenye moto. Hajui. Ngozi ya kiganja na vidole ilikuwa imevimba na kung’aa. Mpaka Rangi akamwondoa kwenye maji, akammwagia ile ndoo ya maji baridi mkononi, akamgeuza, akanyoosha gauni lake kwa sababu hapakuwa na mwanamke wa kulinyoosha.

Hospitalini mkewe alishushwa kutoka chumba cha kufulia, mikono ina povu. Alimtazama binti yake, akatazama bandeji, akamtazama mume.

“Ufunguo ulikuwa wapi?”

“Msumarini.”

Hakumtukana. Alikaa kwenye benchi pembeni yake, akaikausha mikono yake taratibu kwenye gauni, na Mpaka Rangi angetoa chochote alichokuwa nacho ili apigwe kofi.

*

Daktari alisema vidole viwili huenda visikunjuke tena sawasawa. Ndivyo viwili vya kushikia sindano. Chiriku alikuwa amekwisha kuanza kufundishwa na Mama Cherehani, na wote walikubaliana kwamba msichana wa namna yake, asiyeweza kutumwa mbali wala kupanda jukwaa, cherehani ndiyo mguu wake wa kusimamia. Alilia siku moja. Siku ya pili akaanza tena kusema, ila kwa mara ya kwanza baba yake alisikia kwamba anasema ili wao wasilie.

Kubaki peke yake sasa haiwezekani. Mama akiacha kazi ya mashuka, mshahara wa rangi hauwatoshi. Rangi ni kazi ya msimu, leo kuna ukuta, kesho hakuna. Dawa haziachwi. Kwa hiyo lilibaki jambo moja, na aliyelileta ni Mama Cherehani mwenyewe, aliyekuja kumtazama mgonjwa, utepe wa kupimia ukining’inia shingoni.

“Jirani yangu kule juu ni Mzee Redio,” alisema. “Namba tisini na tatu. Magoti yamekwisha, lifti haijawahi kutembea, mwezi mzima hajashuka. Redio za watu anazitengeneza kitandani, wateja wanachoka kupanda. Mkimpa hapa ghorofa ya kwanza, atawabusu miguu. Nyie mje kwangu, ubavu kwa ubavu. Mimi nashinda ndani na cherehani, Chiriku anashinda kwangu. Kuna tatizo gani hapo?”

Hapakuwa na tatizo. Watu wawili wenye shida wameonana, kila mmoja ana dawa ya mwenzake. Mpaka Rangi alivaa shati la kutokea, akaenda ofisini.

Meneja alikuwa kijana mpole wa sauti, mwenye viatu visivyojua vumbi. Kabla ya kusikiliza alimsogezea kishikwambi. “Tuanze na hiki, mzee. Wageni wanataka takwimu za ustawi wa wakazi. Bonyeza tu.”

Kwenye kioo palikuwa na swali: Unaridhika na ujirani wako? Chini yake sura tano, kutoka inayolia hadi inayocheka meno yote. Mpaka Rangi akaitafuta inayolia, akaibonyeza.

Meneja akakivuta kishikwambi, akatazama. “Hapana, umekosea kubonyeza,” alisema, akagusa sura ya meno yote kwa kidole chake mwenyewe. “Enhe. Shida yako?”

Mpaka Rangi alieleza. Alieleza vizuri, hakupandisha sauti, alitaja magoti ya Mzee Redio na mkono wa binti yake. Meneja alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali.

“Nakuelewa sana, mzee wangu. Lakini hapa si sokoni, watu kubadilishana nyumba kama mitumba. Nikiruhusu wewe, kesho watakuja hamsini. Wote watataka kurudi kwa watu wao wa uani.”

“Na wakirudi?”

“Basi mradi utakuwa umefanya nini?” Meneja alishangaa kweli. “Tumewatoa kule ili mbadilike. Kwenye kumbukumbu zangu wewe unakaa namba saba, na utakaa namba saba. Halafu kuna suala la mlango na mtungi. Sijalisema kwa sababu una mgonjwa.”

Mpaka Rangi alijiona alivyokaa, magoti pamoja, kofia mkononi, mtu mzima mwenye mvi mbele ya kijana anayemwonea huruma kwa namna hiyo.

“Lakini mimi si mtu mbaya,” Meneja akaendelea. “Wewe ni fundi rangi, sivyo? Namba za milango zimechujuka, nyingine hazisomeki, na wageni wanafika wiki hii. Ziandike upya zote, majengo yote manne, kwa herufi safi. Rangi nitatoa. Suala la mlango tunalizika.”

Akakubali. Mate machungu humezwa, hayatemwi ofisini kwa mtu. Alirudi nyumbani na kopo la rangi nyeusi, akawasimulia mkewe, binti na Mama Cherehani, aliyekuwa bado yupo akisubiri jibu. Alipofika pale pa namba saba, mkewe akafyonya.

“Na mimi naenda kumwandikia namba zake bure,” Mpaka Rangi alimalizia. “Huo ndio uanaume uliobaki.”

Chiriku alikuwa amelala kwenye mkeka, mkono wenye bandeji juu ya mto. “Kasema tutakaa namba saba?”

“Ndivyo alivyosema.”

“Na namba anaandika nani?”

Mama Cherehani ndiye aliyeanza kucheka, pole pole, bega likimtikisika, na mke wa Mpaka Rangi akafuata, yeye ambaye tangu siku ya maji ya moto hakuwa ameonekana jino.

*

Mpaka Rangi hakuwahi kuandika namba kwa uangalifu kama zile. Alianza jengo la nne, ghorofa ya juu. Mlango wa Mama Cherehani tisini na mbili. Mlango wa pembeni, alipokuwa Mzee Redio, akaandika saba, kubwa, nyeusi, yenye mkia. Kisha tisini na nne. Akashuka jengo kwa jengo mpaka ghorofa yake mwenyewe, na kati ya sita na nane akaandika tisini na tatu. Bwana Tai alitoka, akaitazama ile namba kwa muda.

“Umekosea hapo, fundi.”

“Sijakosea,” Mpaka Rangi alisema.

Bwana Tai alisimama. Kuna kitu alitaka kusema, pengine tangu ile siku. “Binti anaendeleaje?”

“Unaweza kwenda kumuuliza. Mlango wake utauona.”

Siku iliyofuata, mchana kweupe, watu wa uani walikuja kutoka majengo yote. Walibeba magodoro, masufuria, kabati lisilopita kwenye ngazi ila kwa matusi. Mzee Redio alishushwa amekaa kwenye kiti chake, wanaume wawili huku na wawili huku, redio mbili mapajani, akitangaza kama mtu wa mpira kila kona waliyokata. Mlinzi aliuliza wanahama kwenda wapi.

“Hatuhami,” mke wa Mpaka Rangi alimjibu. “Sisi wa namba saba tunakwenda namba saba.”

Mlinzi alitafakari, akaona kwamba katika maagizo yake hakuna linalokataza jambo hilo, akalishika godoro upande wa pili.

Wageni walifika kesho yake. Walikuwa watu wa tabasamu na maji ya chupa, na aliyewaongoza alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, aliyependa kupanda ngazi mwenyewe badala ya kusimuliwa. Hilo Meneja hakulitarajia. Ghorofa ya juu haikuwa kwenye ratiba. Walipofika korido ya Mama Cherehani, yule mama akasoma kwa sauti, “Tisini na mbili. Saba. Tisini na nne.” Akageuka. “Saba imekuja kufanya nini huku?”

Meneja aliitazama ile namba. Nyuma yake walisimama wageni na daftari zao. Aseme watu wamejihamisha, ataulizwa kwa nini. Aseme kwa nini, ataulizwa mengine.

“Ni mfumo mpya,” akasema. “Wa kitaalamu.”

Mlango ulikuwa wazi. Chiriku alikuwa ameketi karibu na cherehani ya Mama Cherehani, iliyokwisha kuletwa humo kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Yule mama mwenye miwani akamwinamia. “Unapapenda hapa, binti?”

“Tangu jana, ndiyo,” Chiriku akajibu.

“Na kabla ya jana?”

“Ratiba, mama, ratiba,” Meneja akasema, akawaelekeza ngazini kwa mikono miwili kama anayeswaga kuku.

*

Alirudi peke yake wageni walipoondoka. Upole wa sauti ulikuwa umekwisha.

“Mmenidhalilisha,” alisema akiwa mlangoni. “Mimi niliyekusamehe mlango! Namba zirudi zilivyokuwa kesho asubuhi, na kila mtu arudi kwake. La sivyo nawaondoa wote wawili, wewe na huyo mzee wako, na kuna watu mia wanaosubiri nyumba. Mmezoea kuishi kienyeji, kila mtu ndani kwa mwenzake, hakuna mpango, hakuna—”

“Kaka Meneja,” Chiriku alisema huku anasimama, “ungekaa kwanza, maana hizo ngazi umepanda mara mbili leo, na hata mimi nikizipanda huwa na—”

Akakatika. Siku zote mbili alikuwa hajalala vizuri kwa pilikapilika za kuhama, na siku za uchovu ndizo zilizomwangusha. Baba yake alimdaka begani, wakashuka wote wawili hadi sakafuni. Mama Cherehani aliacha nguo kwenye sindano. Mke wa Mpaka Rangi akavuta meza. Mmoja akamlaza ubavu, mwingine akatia kanzu iliyokunjwa chini ya kichwa, mkono wa bandeji ukawekwa juu usiumizwe, gauni likanyooshwa. Jamaa wa uani aliyekuja kukiondoa kitasa cha kujifunga aligeuka akatazama ukutani bila kuambiwa. Hakuna aliyepiga kelele. Mama Cherehani alikuwa anamsemesha tu, kwa sauti ya kawaida, mambo ya vifungo na pindo, kama vile bado wanashona.

Meneja alikuwa amerudi nyuma hadi koridoni, leso mdomoni, macho yamemtoka.

“Geuka,” Mpaka Rangi alimwambia. “Ni msichana huyo.”

Akageuka.

Lilipita. Mwili ukalegea, pumzi ikarudi na mkoromo wake mzito. Mpaka Rangi alikuwa amepiga magoti sakafuni, na ghafla hasira ikampanda kuliko ya siku zote, kuliko hata ile ya mlangoni na mtungi. Kumbe ni hili tu. Wanawake wawili, meza iliyovutwa, nguo iliyokunjwa. Hawakuwa wameomba lifti, hawakuomba maji, hawakuomba vigae. Waliomba hili, ambalo halina gharama kwa mtu yeyote duniani, wakaambiwa haliwezekani, na kwa kunyimwa hili mwanawe amebaki na vidole vitatu.

Meneja alikohoa. “Poleni,” alisema, bado ametazama ukuta wa korido. Kwa dakika ile alionekana kijana mdogo sana, na Mpaka Rangi akadhani labda amelainika. “Poleni kwa kweli. Lakini utaratibu ni utaratibu. Namba zirudi kesho.”

Mpaka Rangi alinyanyuka. Alichukua kopo la rangi na brashi kwenye pembe ya chumba, akavipeleka mpaka koridoni, akaviweka mbele ya vile viatu.

“Andika wewe,” alisema. “Ukimaliza kuandika, umbebe Mzee Redio umpandishe mpaka hapa juu. Halafu ushuke ukakae mlango wa mbele yetu, usiku na mchana, na mlango wako uwe wazi, ili mwanangu akianguka uwe wewe wa kumgeuza. Hayo yote ukiyaweza, mimi nitarudi chini kesho asubuhi, na sitasema neno.”

Milango ya korido ilikuwa imefunguka mmoja baada ya mwingine, na watu wamesimama humo, wa uani na wasio wa uani. Meneja alilitazama kopo. Akaliruka, akashika ngazi, na viatu vyake vikasikika ghorofa baada ya ghorofa.

Ndani, Chiriku alifungua macho. Aliangalia dari kwa muda, kisha uso wa mama yake.

“Nani alikuwa anafoka?” akauliza.

“Hakuna mtu,” mama yake akamwambia. “Lala.”